Neutrofili zimepanda, kijiti cha mkojo safi: figo za mzee ziko salama?

Nzuguni_B
Mbukwenyi wakuu. Mzee ana miaka 61, kisukari aina ya pili mwaka wa tisa, yuko kwenye metformini gramu 1 asubuhi na jioni. Majibu ya wiki hii hapa Dodoma: HbA1c (wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3) asilimia 9.2, kreatinini (taka ya damuni inayotolewa na figo) 130, chembe nyeupe za damu: neutrofili 6.8 na limfosaiti 1.7, presha 148/90. Kijiti cha mkojo hakijaonyesha protini. Jirani anamshauri anywe unga wa kuongeza kinga. Je, hizo chembe nyeupe zinasema lolote kuhusu figo?

Maabara_Kizota
Mkuu, uwiano wa neutrofili kwa limfosaiti, 6.8 gawa kwa 1.7, ni 4. Watu wazima wenye afya wengi huwa kati ya 1 na 3. Ila jino bovu, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), kidonda cha mguu au prednisoloni (dawa ya kutuliza uvimbe) hupandisha vilevile, kwa hiyo hapo usihukumu figo.

Usikiamini pia hicho kijiti. Albumini (protini ya damu) ikivuja kidogo kinabaki njano, hakiingii kijani. Ombeni uwiano wa albumini na kreatinini, kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi: wa mwanzo aumwage, akinge wa katikati. Mfano albumini 90 mg/L, kreatinini 0.6 g/L: 90 ÷ 0.6 = 150 mg/g. Chini ya 30 ni kawaida, 30 hadi 300 chujio la figo limeanza kuvuja, zaidi ya hapo limeharibika sana. Asipime akiwa na homa au UTI, namba itadanganya. Vipimo viwili kati ya vitatu ndani ya miezi 3 hadi 6 vikikubaliana, ndipo mseme.

Chamwino_Kliniki
Huo unga aachane nao kabisa. Kinga ya mzee haijalala, inafanya kazi mahali pasipostahili. Sukari ikikaa juu muda mrefu, seli za figo hutoa kemikali ya kuita monosaiti (aina ya chembe nyeupe) kutoka kwenye damu. Zikishaingia kwenye figo zinageuka makrofaji (seli walaji), zinamwaga kemikali za uvimbe, TNF na IL-1, na seli za chujio zinaumia. Baadaye kemikali nyingine, TGF-beta, inajenga kovu, na kovu halichuji. Tena unga usiojulikana una nini ndani yake, figo hizohizo ndizo zitakazoutoa.

Nzuguni_B
Asanteni sana. GFR (kasi ya figo kuchuja damu) imekokotolewa 54. Metformini aache?

Chamwino_Kliniki
Hapana. Dozi hupunguzwa GFR ikishuka chini ya 45, husimamishwa chini ya 30. Na 54 ya siku moja haitoshi, irudiwe baada ya miezi 3.

Presha hiyo ndiyo ya haraka. Albumini ikithibitika, muulizeni daktari kuhusu losartani (dawa ya presha), pamoja na dapagliflozini (dawa ya kisukari inayolinda figo) miligramu 10. Losartani isichanganywe na enalaprili, dawa nyingine ya presha. Wiki 2 hadi 4 baada ya kuanza, apime kreatinini na potasiamu. Kreatinini ikipanda chini ya asilimia 30 msikimbilie kuacha dawa, chujio limepunguziwa shinikizo tu. Hapa ndipo wengi wanapoitupa dawa inayowafaa.

Maabara_Kizota
Nyongeza: diklofenaki na ibuprofeni za dukani kwa ajili ya magoti, mwiko. Akitapika au kuharisha, hasa joto letu la Oktoba na Novemba, apige simu kliniki siku hiyohiyo. Kwa kawaida losartani, metformini na dapagliflozini husimamishwa hadi ale na kunywa vizuri kwa siku moja au mbili.