Kikundi cha Ukoo: Kipimo cha Kichwa cha Mama

JUMATATU

[19:42] Rehema: Assalaam aleykum. Shikamooni wakubwa. Tumerudi hospitali salama, Mama amekunywa uji, amelala. MRI ya kichwa, ile picha ya mashine ya sumaku, ni Jumatano saa nne asubuhi. Lakini nina wasiwasi. Daktari amesema hatamchoma dawa ya kontrasti, ile ya kufanya damu ionekane kwenye picha, kwa sababu ya figo zake. Sasa wataonaje damu inavyopita kichwani?

[19:47] Kaka Bakari: Waaleykum salaam. Kwani alipolegea mkono wa kulia si walisema mshipa wa shingo umebana, upande wa kushoto? Wanatafuta nini tena?

[19:50] Mjomba Tanga: Marahaba wanangu. Rehema, usikubali dada yangu afanyiwe kipimo cha nusunusu kwa kuwa yeye ni mgeni huko Uingereza. Kama dawa inahitajika, waseme.

[20:15] Saumu: Shikamoo mjomba. Nimetoka zamu sasa hivi. Si kipimo cha nusunusu, ndicho ninachokifanya kila wiki kazini. Bakari, kujua mshipa umebana ni jambo moja, kujua ubongo ulio mbele ya ule mshipa unapata damu kiasi gani ni jambo jingine. Wapo waliobana sana na damu ikajitafutia njia nyingine ikafika. Wapo ambao haifiki ya kutosha. Daktari anataka kujua Mama Mkubwa yuko kundi gani.

[20:18] Saumu: Kuhusu dawa: ina gadoliniamu ndani yake, ni aina ya metali. Mwaka 2006 madaktari waligundua kwamba kwa watu ambao figo zimechoka sana, baadhi ya aina zake zilileta ugonjwa wa ngozi kukakamaa mpaka viungo havikunjiki. Aina za siku hizi ni salama zaidi kwa mbali, na mwenye figo mbovu hupewa pale inapobidi. Ila kama jibu linapatikana bila sindano, ya nini kumchoma?

[20:19] Kaka Bakari: Linapatikanaje sasa? Hapo ndipo hujafika.

[20:31] Saumu: Fikiria feri ya Likoni. Unataka kujua watu wangapi wanavuka, lakini wote wamefanana. Unasimama langoni, kila anayeingia unampiga chaki begani. Unangoja kidogo, halafu ng'ambo ya pili unahesabu mabega yenye chaki. Mashine inafanya hivyo shingoni. Damu ni maji kwa sehemu kubwa, na maji yana chembe zinazoitikia sumaku. Mashine inazigeuza zile zinazopita shingoni, ndiyo chaki yenyewe. Inangoja kama sekunde 2, inapiga picha ya ubongo. Kisha inapiga nyingine bila kutia alama. Ukitoa moja kwenye nyingine, kinachobaki ni damu iliyofika katikati ya muda huo. Hakuna sindano, hakuna mionzi. Kinachotiwa alama ni damu yake mwenyewe.

[20:33] Kaka Bakari: Hapo nimekupata.

[20:34] Mjomba Tanga: Na hiyo chaki inabaki mwilini?

[20:40] Saumu: Haibaki mjomba. Inafutika yenyewe, kila sekunde moja na kidogo karibu nusu yake imekwenda. Hiyo ndiyo raha yake na ndiyo tabu yake. Ukihesabu mapema, watu bado wamo ndani ya feri. Ukichelewa, chaki imefutika na jasho. Tena tofauti ya zile picha mbili ni ndogo mno, asilimia 1 au chini ya hapo, kwa hiyo hurudia mara nyingi kwa dakika 4 au 5 ndipo ionekane. Akitikisa kichwa, kazi yote imeharibika.

[20:41] Saumu: Waliofungua njia hii ni John Detre, Donald Williams na Alan Koretsky na wenzao, Pittsburgh, Marekani, mwaka 1992. Walianza na panya. Nikifikiri miaka yote iliyopita mpaka ikamfikia mama yetu, moyo wangu unajaa.

[20:52] Rehema: Nimwandae vipi?

[20:58] Saumu: Kwanza kahawa. Najua kahawa chungu yake ya asubuhi, lakini Jumatano asiinywe mpaka atoke. Kafeini inabana mishipa ya ubongo, kikombe kikali kinaweza kushusha mtiririko wa damu kwa karibu robo, halafu tutahangaika na ugonjwa usiokuwepo. Pili, pini za ushungi. Zitoe zote, hesabu. Kuna mama mmoja tulimkuta na pini ya tatu chini ya kitambaa, ameshasimama mlangoni. Tatu, waambie ana upungufu wa damu kwa ajili ya figo. Damu nyepesi inabadilisha hesabu ya kipimo.

[21:00] Rehema: Na bangili? Hazijatoka tangu arusi yake.

[21:01] Saumu: Dhahabu haivutwi na sumaku, lakini watazitaka zitoke. Sabuni na maji ya uvuguvugu, taratibu. Na mweleze kelele kabla hajaingia: inagonga ta-ta-ta-ta kama fundi bati juu ya paa. Atavikwa kitu kama kizimba usoni chenye kioo kidogo, ataona miguu yake mwenyewe. Mkononi atapewa mpira wa kubonyeza akizidiwa. Mwambie kuubonyeza si aibu.

[21:20] Mjomba Tanga: Saumu mwanangu, na huyu mjukuu wangu mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi? Ana miaka 6. Tumtafutie MRI ya namna hiyo?

[21:34] Saumu: Hapana mjomba, usiuze kitu kwa ajili ya MRI. Kwake yeye kipimo cha kuanzia ni Doppler ya kichwa, ile ya ultrasaundi, wanaweka kifaa kwenye panja, pembeni ya jicho. Inapima kasi ya damu. Ikifika sentimita 200 kwa sekunde, hatari ya kiharusi ni kubwa. Mwaka 1998 ulitoka utafiti wa Marekani: watoto wa kasi hiyo walioongezewa damu mara kwa mara, viharusi vilipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Muulize daktari wa kliniki yake kama ameshapimwa, na umuulize pia kuhusu haidroksiurea, dawa ya wenye selimundu. Nenda wiki hii mjomba, nakuomba.

[21:36] Mjomba Tanga: Nitakwenda Alhamisi.

JUMATANO

[13:05] Rehema: Ametoka. Pini saba! Bangili nimezifunga kwenye leso. Hakutikisika hata kidogo, anasema alikuwa anasoma Yasini kimoyomoyo.

[13:06] Kaka Bakari: Alhamdulillahi. Mwambie nampenda.

IJUMAA

[17:20] Rehema: Jamani. Daktari kijana amenionyesha picha. Upande wa kushoto kuna weusi mkubwa, anasema damu ni haba sana pale. Nimeshindwa hata kumwambia Mama.

[17:22] Saumu: Pumua dada. Kwenye ule weusi kuna michirizi au vidoa vinavyong'aa pembezoni?

[17:26] Rehema: Vipo. Kama nyuzi za kamba nyeupe.

[17:30] Saumu: Basi uliza swali moja: walingoja sekunde ngapi kati ya kutia alama na kupiga picha? Ule mng'ao ni damu yenye alama ambayo bado imo ndani ya mishipa mikubwa, haijashuka kwenye nyama ya ubongo. Watu wamo ndani ya feri bado. Mshipa uliobana unachelewesha. Mwongozo wa wataalamu wa mwaka 2015 unasema sekunde 2 kwa wagonjwa na kwa waliopita miaka 70, na Mama Mkubwa ana 74.

[18:02] Rehema: Amekwenda kuangalia. Moja na nusu. Amemwita mkuu wa picha. Wanarudia Jumatatu kwa muda mrefu zaidi.

[18:03] Saumu: Mshukuru sana kwa kwenda kuangalia. Wengine hawaangalii.

JUMATATU

[16:48] Rehema: Wamengoja sekunde 2 na nusu safari hii. Sehemu kubwa ya pale palipokuwa peusi sasa inaonekana ina damu. Ripoti inasema damu inafika ila kwa kuchelewa, na bado iko chini kidogo kuliko kulia. Alhamisi tunaonana na daktari wa mishipa kuhusu shingo.

[16:50] Mjomba Tanga: Alhamdulillahi Rabbil alamin. Na mjukuu kasi yake ni 150, watampima tena mwakani.

[16:55] Saumu: Mjomba, umenifurahisha mpaka machozi. Rehema, kazi haijaisha. Inachelewa maana yake mshipa unahitaji uamuzi. Alhamisi niweke kwenye simu nisikie.

[17:10] Mama (sauti, sekunde 9): "Saumu mwanangu, nimeambiwa damu yangu imefika. Sasa kahawa naruhusiwa?"

[17:11] Saumu: Kunywa Mama Mkubwa. Kikombe kimoja.