Takrima ya mgombea: utu au rushwa?

Mkazi wa Ngamiani, Tanga: Ndugu zangu, mgombea akileta mchele msibani wiki chache kabla ya kura, nasi kwa desturi hatumrudishi mtu aliyekuja kuhani, je, tumevunja sheria au tumetimiza utu?

Jibu la kwanza: Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, hadi Mahakama Kuu ilipovitengua vifungu vilivyoiruhusu mwaka 2006, kwa kuwa viliwabagua wagombea wasio na mali; hapo kilichokuwa halali kikawa haramu, ingawa mchele ni uleule.

Jibu la pili: Mimi, bila kuwa mwanasheria, ningeuliza kama alihudhuria misiba ya mwaka jana.

Mkazi wa Ngamiani: Hakuhudhuria hata mmoja, Bwana, na wali, nakiri, tuliula.