Dogo kapata four ya 27, tumpeleke chuo cha afya, VETA ya ufundi au arudie mtihani (areseti)?

Kaka Mkubwa wa Nkuhungu

Habari zenu wadau. Naombeni ushauri ila matusi muweke pembeni. Mdogo wetu wa mwisho kamaliza form four mwaka jana shule ya kata hapa Dodoma, matokeo yametoka ana division four ya pointi 27. Kiswahili C, alafu Uraia, Historia, Geography, English, Biology na Chemistry zote D, Physics na Hesabu F. Tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki. Kuna jamaa kaja mpaka sebuleni na fomu za chuo kimoja cha afya cha binafsi, kavaa tai kabisa, kamwambia mzee dogo anasoma clinical medicine miaka mitatu anatoka daktari, ada milioni moja na laki sita kwa mwaka bado hosteli, yunifomu na hela ya fildi, na eti nafasi zinaisha wiki hii. Mzee kashaanza kuulizia wateja wa kiwanja chake cha Nzuguni. Bi mkubwa yeye anataka dogo areseti aende form five kama watoto wa wenzake pale kanisani. Mwenyewe ukimuuliza anakujibu "popote tu kaka" ila kila jioni yuko kwa fundi hapa mtaani, juzi sabufa la jirani lilikata sauti akalifungua mezani akakuta waya mmoja wa spika umeachia, akachomelea kwa solda, likaimba mpaka usiku. Hela kubwa nitatoa mimi kwa hiyo nisaidieni kufikiri, nyinyi mngefanyaje?

mpunguzi_zabibu

Kiwanja cha Nzuguni muda huu unauza? Aisee mzuieni mzee kwanza, mengine baadae.

Nesi wa Makole

Kaka pole na majukumu. Hebu rudi kwenye matokeo uliyoandika mwenyewe, Physics ana F. Clinical medicine ngazi ya diploma wanataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, kuanzia D, na ndani yake lazima iwepo Chemistry, Biology na Physics. Uuguzi hivyohivyo. Sasa huyo mwenye tai alimpokeaje dogo bila kuona hilo? Ninachokijua kwenye hizi kazi zetu ni kwamba wengine wanalipwa kwa kichwa, akishakufikisha kwa mhasibu kazi yake imeisha. Mtoto analipiwa awamu ya kwanza, anavaa koti jeupe anapiga picha, ikifika kwenye usajili wa NACTVET, wale wanaosimamia vyuo, jina linarudi hana sifa, anaambiwa ahamie kozi ambayo hakuiomba, na hela hairudi. Nimeshuhudia binti wa watu akilia pale getini na godoro lake.

Kwa hiyo kabla ya shilingi yoyote kutoka, chukueni mwongozo wa udahili wa NACTVET wa mwaka huu, upo kwenye tovuti yao bure, mtafute jina la chuo alafu mshuke mpaka kwenye KOZI yenyewe. Kuna vyuo vimesajiliwa vizuri tu ila kozi unayouziwa haimo. Vigezo vimeandikwa palepale na nafasi zimeandikwa, hamna haja ya kuamini mdomo wa mtu. Na kama bado mna wasiwasi wana ofisi hapahapa Dodoma, nendeni na cheti cha matokeo mkaulize.

Kwa alama zake mlango mmoja wa afya ulio wazi ni famasi, maana wao wanaangalia Chemistry na Biology. Ila swali, dogo anapenda kukaa dirishani anahesabu vidonge? Na mzee aelezwe taratibu kwamba anaetoka na diploma ya clinical ni tabibu. Kazi nzuri na ya heshima, vituo vya afya vijijini vinaendeshwa na hao, lakini udaktari wa digrii ni miaka mitano chuo kikuu na mwaka wa intaniship juu yake. Asije akauza kiwanja akitegemea kitu kingine.

Mwl. Kibaigwa

Mi niongelee kureseti maana naona mama ndo anakotaka. Kwenda form five anahitaji C tatu na kuendelea, yeye anayo moja. Maana yake apandishe angalau masomo mawili kutoka D kwenda C, hilo linawezekana kabisa kwa mtoto mwenye nia, D yenye nguvu na C dhaifu hazipishani sana. Lakini kuna jambo wazazi wengi hawaambiwi. Ile ada ya form five na six iliyofutwa 2022 ni ya shule za serikali, na kule TAMISEMI inapanga watoto waliofanya mtihani wakiwa shuleni. Aliereseti kama mtahiniwa wa kujitegemea kwa kawaida hapangiwi, ataenda advance ya binafsi na ada iko palepale. Bi mkubwa apige hiyo hesabu kabla hajawasifia watoto wa wenzake.

Kama lengo ni afya basi areseti Physics, na Chemistry akitaka kuiboresha, sio kubeba masomo yote upya. Wapo wanaounganisha vyeti viwili na wanapokelewa vyuoni. Usajili wa mtihani NECTA dirisha linafunguliwa mwanzoni mwa mwaka, ukichelewa unalipa na faini, kwa hiyo msikae mnajadiliana mpaka Pasaka.

Alafu tuisheni. Jamani tuisheni. Hapa mjini kila kona kuna bango "tunafuta zero" na darasa la watoto themanini, mwalimu anaongea na spika kama yuko mkutanoni, mtoto anarudi na daftari limejaa notisi ambazo angezikuta kwenye kitabu. Ukitaka kujua kituo kizuri usiulize mwalimu ni nani wala amefaulisha wangapi, omba uone daftari la mwanafunzi alieanza mwezi uliopita. Kuna maswali aliyojibu yeye? Yamesahihishwa kwa kalamu nyekundu, na kuna maelezo kwa nini alikosa? Kama ni notisi tupu ondokeni. NECTA wanatoa kila mwaka uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, wanakuonyesha swali, wanakuonyesha jibu zuri la mtahiniwa na jibu baya na kwa nini lilikosa alama. Uko bure kwenye tovuti yao na walimu wenzangu wengi hawaufungui, sijui kwa nini. Mtoto akikaa nao na pasti pepa pamoja na mtu mmoja wa kumsahihisha, hata mwanachuo wa UDOM anaetafuta hela ya kula, anafika mbali kuliko hayo mabanda.

jobless_corner

VETA ni ya waliofeli, mpelekeni chuo apate na jina. Dunia ya sasa bila diploma nani anakusikiliza

Fundi Waya Ihumwa

We jobless kwa jina lako hilo hilo nakusamehe.

Kaka Mkubwa mi ni fundi umeme, nimesoma umeme wa majumbani VETA, nilimaliza form four na four pia, ya kwangu ilikua mbaya kuliko ya dogo. Sitakudanganya kwamba ufundi ni hela ya bure. Tangu serikali ilivyohamia huku majengo ni mengi, Mtumba, Ihumwa, Nala, Msalato, ila na mafundi wamejaa, kuna mtu atawaya nyumba nzima kwa hela ambayo mi nanunulia waya za chumba kimoja. Kinachotutenganisha ni karatasi. Ukiwa na cheti unaweza kuomba leseni ya ufundi umeme ya EWURA, na bila leseni huwezi kusaini fomu ya wayaringi ya kupeleka TANESCO mteja aungiwe umeme. Yule wa mtaani anawaya alafu anakuja kwangu kuomba nimsainie, nikigoma ananuna. Siwezi kuweka jina langu kwenye nyumba ambayo sijapima hata eathi yake.

Na habari ya "jina", dogo akifika NVA level 3, yaani ngazi ya tatu ya cheti cha VETA, na cheti chake cha form four anaruhusiwa kuomba vyuo vya ufundi akaendelee na diploma, DIT au Arusha Technical. Njia ni ndefu lakini haijafungwa.

Shida ni muda. VETA za serikali fomu zinatoka kuanzia mwezi wa nane hivi na masomo yanaanza Januari, kwa hiyo mwaka huu mmeshachelewa kozi ndefu. Ulizeni kozi fupi pale VETA Dodoma, au chuo cha maendeleo ya wananchi, kuna Chisalu kule Mpwapwa. Huku akisubiri ashike kazi kwa mtu anaefanya kazi zinazoonekana. Huyo fundi wa sabufa asimdharau, lakini kutengeneza redio na kuvuta umeme wa nyumba ni vitu viwili tofauti, ajue anachokipenda ni kipi kabla hamjalipa.

Kaka Mkubwa wa Nkuhungu

Asanteni sana jamani, Nesi umeniokoa, ile F ya Physics wote pale nyumbani tuliiona na hakuna alieiunganisha na hizo fomu. Nimempigia yule jamaa nikamuuliza vigezo, akasema "hilo tutalishughulikia ndani kwa ndani", nikakata simu. Mzee nimemsomea mwongozo mwenyewe, hajanijibu kitu ila dalali wa kiwanja kaja jana jioni akaambiwa arudi baada ya mavuno. Mama bado anataka form five, nimemwambia tumsajili dogo Physics na Chemistry, akipata sawa, akikosa tumepoteza hela kidogo. Asubuhi nataka awe kwa fundi, jioni asome. Itawezekana kweli kufanya vyote? Fundi Waya, unachukua vijana?

Mwl. Kibaigwa

Inawezekana kama huyo fundi anamwachia saa kumi. Wakimaliza kazi saa moja usiku amechoka, hamna kusoma hapo.

Fundi Waya Ihumwa

Nachukua ila silipi mwezi wa kwanza, nauli na chakula cha mchana natoa. Saa kumi namwachia isipokua siku ya kumwaga slabu, siku hiyo mabomba ya waya lazima yawe yamelala kabla zege haijaja na hakuna anaeondoka. Nitumie namba inbox. Jumatatu saa moja asubuhi awe saiti, avae viatu vya kufunika, akija na ndala namrudisha.