Bunduki ya marehemu baba, mitutu miwili: thamani yake inajulikanaje?

Binti_Tabata
Wakuu habari za jioni. Marehemu baba kaacha bunduki ya mitutu miwili, ile ya kukunja katikati, aliyoinunua Muheza kwa bwana mmoja wa shamba la mkonge. Leseni alikuwa nayo. Baada ya msiba tuliikabidhi polisi na iko huko mpaka leo. Sasa tupo kwenye mirathi. Baba mdogo anasema ni ya Mwingereza kwa sababu imeandikwa London juu ya mitutu, eti haipungui milioni kumi na tano. Kaka anasema ni chuma chakavu. Mitutu ina michirizi iliyojipindapinda na kitako kina ufa. Baba mdogo anataka ipigwe msasa na vanishi kwanza ndipo ithaminiwe. Kuna jamaa pia yuko tayari kuichukua kimyakimya. Naomba msaada wenu.

Kijana_wa_Keko
Huyo wa kimyakimya mkimbie. Bunduki ina namba, na namba ina jina la marehemu. Ikikamatwa na majambazi kesho, mlango utakaogongwa ni wenu.

Mzee_wa_Upanga
Pole kwa msiba, mwanangu. Nimekaa kaunta ya duka la silaha hapa mjini tangu enzi za Mwinyi, na kila mwenye bunduki ya babu huja na "ni ya zamani sana". Uzee peke yake hauna bei. Bunduki ya mafundi wa London kama Purdey au Holland & Holland halisi, hata ikiwa imechoka, ina wateja wa mnada huko London. Nyingine nyingi ni za kazi tu.

Huo msasa msiuguse kabisa. Anayeijua bunduki anatafuta nakshi ambazo hazijafifia na mbao yenye rangi yake ya asili. Ukishaisugua umemfutia alichokuja kulipia.

Michirizi hiyo inaitwa damaski: chuma na feleji vimesokotwa pamoja na kufuliwa. Mitutu mingi ya hivyo ilitengenezwa kwa baruti nyeusi, ile ya moshi mwingi, si kwa nguvu ya risasi za sasa. Tena za zamani nyingi zina chemba, pale risasi inapokaa, ya milimita 65, wakati risasi nyingi za sasa ni za 70. Asijitokeze mtu wa kuijaribu shambani.

Mwombeni askari mtunza silaha aitenganishe mitutu na kitako. Aining'inize, aigonge kidogo kwa ukucha. Ikilia kama kengele, ulehemu unaounganisha mitutu umeshika. Ikitoa mlio mfu, kuna mahali umeachia. Halafu mpige picha mihuri iliyo chini ya mitutu, na mtazame kama kuna muhuri wa simba. Neno la juu anaweza kulichonga yeyote, ila mihuri ya chini ni ya nyumba rasmi ya ukaguzi, inayopima mitutu.

Binti_Tabata
Shikamoo mzee. Nimerudi kituoni leo, afande kanisaidia. Mlio ni mzuri. Chini kuna umbo la yai lenye taji juu, ndani herufi ELG. Muhuri wa simba sikuuona.

Mzee_wa_Upanga
Marahaba. Hiyo ni Liège, Ubelgiji. Taji liliongezwa 1893, kwa hiyo bunduki haijatangulia mwaka huo. Wabelgiji waliuza nje bunduki nyingi za bei nafuu zenye majina ya Kiingereza, baba mdogo asikasirike. Simba juu ya herufi PV ndiye angeonyesha kuwa ilipimwa kwa baruti isiyo na moshi. Kama hayupo, si ya kufyatulia risasi za sasa; anayeinunua ananunua pambo.

Na hapa Dar hilo pambo lazima anunue mwenye leseni, maana silaha hapa nchini zinadhibitiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Wateja wa namna hiyo ni wachache, na hilo ndilo linaloshusha bei kuliko huo ufa. Milioni kumi na tano msahau. Kwenye orodha ya mali andikeni namba ya bunduki na kituo ilipo. Thamani mjaze baada ya duka lenye kibali kuwapa makadirio kwa maandishi, na msimamizi wa mirathi ndiye aende, na barua yake ya mahakama mkononi.