Kiidadi au kithamano: nifuate mkabala upi katika tasnifu ya unasihi?

Binti wa Mambrui
Assalamu alaykum ndugu zangu. Ninasomea uzamili wa saikolojia ya unasihi, na msimamizi wangu anataka pendekezo la utafiti kabla ya muhula kwisha. Amenipa hiari ya kuchagua mkabala wa kiidadi, yaani wa takwimu, au wa kithamano, yaani wa maelezo ya watu wenyewe, lakini kila ninayemuuliza huniambia lake. Walionitangulia, upi una manufaa zaidi?

Mwalimu wa Barani
Wa alaykumu salaam, binti yangu. Swali lako halijibiki mpaka utueleze unataka kujua nini, kwa nani, na una muda gani. Anayetaka kujua ni wangapi wenye sonona, au iwapo waliopata unasihi wamepungukiwa na wasiwasi kuliko wasioupata, hana budi kuhesabu. Anayetaka kujua mtu anaishije na jambo lililompata na analipa maana gani, atahitaji maneno ya mtu mwenyewe.

Mtakwimu wa Malindi
Mimi ningemshauri achukue kiidadi. Mwaka 1952 mwanasaikolojia Hans Eysenck alidai kwamba hakuna ushahidi wa kuonyesha kuwa tiba ya mazungumzo huwasaidia watu kuliko wanavyopona wenyewe kwa kupita siku. Jibu zito la dai hilo lilitoka katika hesabu: mwaka 1977 watafiti Smith na Glass walikusanya matokeo ya tafiti 375, wakaonyesha kuwa mtu wa wastani aliyetibiwa alikuwa na hali nzuri kuliko asilimia 75 ya wasiotibiwa. Dada, ichukue PHQ-9, hojaji ya kupimia sonona, yenye maswali 9 na alama kuanzia 0 hadi 27. Haina ada, na watafiti wa nchi nyingi wanaitambua.

Mnasihi wa Langoni
Namwomba ndugu Mtakwimu asiharakishe. PHQ-9 huuliza habari za wiki mbili zilizopita, na maswali yake matatu yanahusu usingizi, uchovu na hamu ya chakula. Igawe hapa Lamu mwishoni mwa Ramadhani, watu wanapokesha kwa sala na kuamka kwa daku. Mtu mzima wa afya anaweza kujibu "karibu kila siku" katika yote matatu akapata alama 9, ilhali wengi huanza kumshuku mtu kuwa na sonona akifika 10. Hesabu itakuwa sahihi na hitimisho litakuwa potofu.

Mtakwimu wa Malindi
Hilo ni kosa la kuchagua wakati, wala si la kipimo. Hojaji hujaribiwa kwanza kwa kikundi kidogo, na Ramadhani husubiriwa ipite.

Binti wa Mambrui
Ahsanteni. Ninaowakusudia ni akina mama wa Malindi ambao vijana wao wanatumia unga, yaani heroini, wengine wakiwa tayari kwenye tiba ya methadoni, dawa ya kuwaachisha unga huo. Nataka kuufahamu mzigo wa kisaikolojia walio nao. Nina miezi sita, na sina msaidizi.

Mtakwimu wa Malindi
Ikiwa akina mama hao ni 300, jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, la kukadiria ukubwa wa sampuli, linakutaka sampuli ya watu 169.

Mwalimu wa Barani
Jedwali hilo huchukulia kwamba kila mmoja ana nafasi sawa ya kuteuliwa. Orodha ya kuwateulia iko wapi, na wengi wao wanaificha hali hiyo hata kwa majirani? Tena mama anayelala na ufunguo wa stoo kwenye pindo la leso, ili mtungi wa gesi usije ukauzwa, usiku wake huo atautia kisanduku gani cha hojaji?

Mwandani wa Shela
Niruhusuni nieleze niliyoyashuhudia, kwa sababu kithamano nacho kina hatari zake, na katika miji yetu hatari hizo ni kubwa. Miaka kadhaa iliyopita niliajiriwa kuandika neno kwa neno rekodi za mahojiano ya wanawake walioachwa. Mtafiti alikuwa mgeni, mwenye adabu na bidii. Aliwaahidi kwamba hatawataja, na kweli kila mmoja alimpa jina la bandia. Lakini katika ripoti alieleza kwamba mama fulani ameachwa mara mbili, huuza mahamri alfajiri, na kaka yake ni nahodha. Kisha akaitisha kikao cha kurudisha matokeo, akasoma kwa sauti maneno makali ambayo mama yule aliyasema juu ya mume wake wa kwanza. Hajamaliza aya, wanawake ukumbini wameshamgeukia mwenyewe. Alijifunika uso kwa buibui, akatoka. Habari zilimfikia mume wa zamani jioni ile ile, naye akamzuia mtoto asiende kwa mama yake. Mtafiti alisafiri, na mama yule hadi leo hataki kumwona mnasihi yeyote. Anayetafiti mji mdogo abadilishe kazi, mtaa na idadi ya watoto, na mwenye maneno aonyeshwe nukuu yake kabla haijatoka.

Mnasihi wa Langoni
Inasikitisha sana, ila kilichokosekana hapo ni maadili. Guest na wenzake, katika makala yao ya mwaka 2006 kuhusu mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, walikuta kuwa dhamira nyingi zilikwisha kujitokeza kufikia mahojiano ya 12. Binti anaweza kuanzia hapo.

Mtakwimu wa Malindi
Watu 12 hawawezi kuisemea Malindi nzima.

Mnasihi wa Langoni
Hakuna aliyedai hivyo. Tangu mwaka 1985 Lincoln na Guba walikwisha kueleza vigezo vingine vya kuupimia utafiti wa namna hii, kikiwamo kuaminika kwa maelezo machoni pa waliohojiwa wenyewe. Ninalolikubali ni kwamba wale wa mwaka 2006 walikuwa watu wa hali zinazofanana. Binti akichanganya akina mama, mabibi na mama wa kambo, 12 hawatamtosha.

Kijana wa Maweni
Kwa nini asichanganye mikabala, hojaji kwanza kisha mahojiano?

Mwalimu wa Barani
Kwa miezi sita, peke yake, na kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, bado hajakiomba? Saa moja ya rekodi humla mtu siku nzima kuiandika. Nina swali jingine, binti yangu: je, miongoni mwa akina mama hawa wamo unaowapa nasaha wewe mwenyewe?

Binti wa Mambrui
Naam, mwalimu, baadhi yao. Nilidhani kuzoeana huko kutanirahisishia mazungumzo.

Mwandani wa Shela
Mama anayekutegemea kwa nasaha atawezaje kukukatalia? Ridhaa yake haitakuwa huru.

Mtakwimu wa Malindi
Ndiyo maana nikasema hojaji isiyo na jina. Anayekataa huirudisha tupu na hakuna anayemjua.

Mnasihi wa Langoni
Akiigawa na kuikusanya kwa mkono wake, atamjua vizuri sana.

Binti wa Mambrui
Nitamuuliza msimamizi kama naweza kuwatafuta akina mama wa Gongoni au Watamu ambao sijawahi kuwahudumia. Kuhusu mkabala, bado moyo wangu haujatulia upande wowote.

Mwalimu wa Barani
Ukienda kwake, muulize pia ni tasnifu za mkabala upi amezisimamia zaidi, kwa kuwa ndiye atakayezisoma sura zako zote.