Picha za zamani za Dunoon na Holy Loch: nitajuaje ni za mwaka gani?

Kasha_la_Picha: Wakuu, naomba msaada. Nina kasha la picha na slaidi za Dunoon, magharibi mwa Scotland, za enzi ambazo nyambizi za Marekani zilikuwa jirani pale ghuba ya Holy Loch. Zinatakiwa zipangwe kwa miaka, ila nyingi hazina maandishi nyuma. Naona meli kubwa ya kijivu katikati ya maji, feri, magari, watu ufukweni. Nianzie wapi?

Nahodha_Mstaafu: Anza na meli ya kijivu. Hiyo ndiyo meli mama, karakana na ghala la nyambizi. Skani slaidi kwa nukta 2400 kwa inchi au zaidi, kisha kuza omo usome namba:

19 ni Proteus, Machi 1961 hadi 1963.
31 ni Hunley, 1963–66, tena 1982–87.
33 ni Simon Lake, 1966–70, tena 1987 hadi Machi 1992.
34 ni Canopus, 1970–75.
32 ni Holland, 1975–82.

Ukikuta mbili pamoja, hiyo ni hazina: huenda ni siku za makabidhiano. Namba ikisomeka kinyume, slaidi imegeuzwa. Chelezo kinachoelea, yaani gati la kukarabatia nyambizi, hakitakusaidia, kilikaa pale karibu miaka yote.

Kasha_la_Picha: Asante sana mkuu. Sasa 31 na 33 zilizokuja mara mbili nazitenganishaje?

Bi_Feri: Kwa feri, mkuu. Tazama dohani. Ya njano yenye kilele cheusi ni kabla ya 1973, rangi zilipobadilishwa. Ikiwa na simba mwekundu, ni 1965 au baadaye. Dohani nyekundu yenye simba ndani ya duara la njano ni ya kampuni ya feri ya CalMac, yaani 1973 kuendelea. Feri nyekundu za kampuni ya Western Ferries zinazotia gati Hunters Quay, jirani na Dunoon, nazo zilianza 1973. Kwa hiyo Hunley ikionekana pamoja na feri hizo, ni ile ya miaka ya 80.

Kwenye magari soma kibao cha namba. Herufi ya mwaka ikiwa mwishoni, C ni 1965. Ikiwa mwanzoni, A inaanzia Agosti 1983. Lakini gari hukuambia tu "si kabla ya". Watu huendesha gari miaka kumi.

Nahodha_Mstaafu: Naongeza mambo mawili. Tarehe iliyopigwa kwenye fremu ya slaidi ni ya kusafishwa, si ya kupigwa picha. Filamu yaweza kukaa ndani ya kamera tangu kiangazi hadi Krismasi. Pia nyambizi zilizofungwa kwenye magati ya nchi kavu huenda si za Holy Loch kabisa, bali za Waingereza kule Faslane, karibu na Helensburgh. Tafuta umbo la vilima kwanza.

Bi_Feri: Na usiandike mwaka mmoja kwa kubahatisha. Andika "1970–75, namba 34", kwa penseli, juu ya bahasha. Kalamu ya wino huacha mchirizi upande wa picha. Wazee wa Sandbank na Kilmun, vijiji vya kando ya Holy Loch, uwaonyeshe picha bila kuwatajia mwaka, la sivyo watakubaliana nawe tu. Zile za maduka ya Argyll Street, mtaa wa Dunoon, zipe uzito uleule wa manowari, maana maisha ya mji yako humo.