Je, ni lazima kuiruti simu ndipo isasishwe?

MwalimuKayole anauliza:

Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili, na kwa mwaka wa tatu sasa ndiye mweka hazina wa chama chetu cha watu kumi na wanane hapa Kayole. Simu yangu niliinunua ikiwa mpya mwaka 2020. Ina Android 10, RAM ya GB 3, hifadhi ya GB 32 na chipu ya MediaTek. Betri bado inanifikisha jioni na kioo hakina hata ufa, kwa hivyo sioni sababu ya kuitupa. Tatizo ni kwamba imekuwa nzito, na nikitazama kwenye Mipangilio naona kiraka chake cha usalama, yaani marekebisho ya kuziba mianya ya mfumo, ni cha Machi 2021. Kuna arifa ya sasisho iliyokuwa ikijitokeza mara kwa mara, lakini kila nilipoibonyeza ilipakua kwa muda kisha ikaandika kwamba usasishaji umeshindikana, nami mwishowe nikaacha kuishughulikia.

Jumamosi iliyopita nilipita Luthuli Avenue kutafuta kebo ya chaji, na kijana mmoja anayetengeneza simu akaniambia kwamba dawa ni kuiruti kwanza kisha aiwekee Android 13, kazi ya saa moja kwa shilingi 1,500. Alisema kuwa simu isiyorutiwa haiwezi kupokea toleo jipya kwa sababu imefungwa kiwandani. Sikumkubalia wala sikumkatalia. Ningependa kujua kama maneno hayo ni ya kweli, na kama M-PESA pamoja na programu ya benki tunayotumia kwa akaunti ya chama zitaendelea kufanya kazi baadaye. Humo ndani pia mna alama za wanafunzi wangu wa kidato cha tatu na picha za marehemu baba ambazo sijazihifadhi mahali pengine popote.

FundiGithurai anajibu:

Mwalimu, salamu kutoka Githurai. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kuiacha simu mezani kwa mtu, kwa sababu hayo uliyoambiwa yanachanganya mambo mawili ambayo hayana haja ya kukutana.

Kuiruti simu ni kujipatia mamlaka ya mtumiaji mkuu wa mfumo. Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, yaani programu ya ndani kabisa inayoendesha kifaa, na katika Linux mtumiaji huyo ndiye anayeruhusiwa kugusa kila faili. Katika hali ya kawaida, wewe na programu zako mnaishi kama wapangaji kwenye ploti. Mtu hupanga viti vyake apendavyo ndani ya nyumba yake, lakini hapandi juu kufunga valvu ya tangi wala hafungui mlango wa jirani. Kuruti ni kukabidhiwa shada la funguo za keateka, msimamizi wa ploti. Utaweza kuondoa programu zilizokuja na simu na kubadilisha mambo yaliyofichwa, lakini programu mbaya ukiiruhusu kimakosa nayo itashika shada lile lile. Na tafadhali zingatia hili: kupewa funguo zote za ploti hakuongezi ghorofa.

Toleo jipya la Android huja kwa njia nyingine kabisa. Google hutoa msimbo, yaani maandishi ya programu, mtengenezaji wa chipu huandaa viendeshi, yaani programu ndogo zinazouwezesha mfumo kuitumia chipu yake, halafu kampuni iliyounda simu huviunganisha na kamera, kihisi cha alama ya kidole, redio na mengineyo ya simu hiyo, na kutia sahihi ya kidijitali kabla ya kukutumia. Mmoja wao akiacha kazi njiani, simu hubaki ilipo, na kuruti hakutazaa viendeshi ambavyo havikuandikwa. Tangu Android 8.0 ya mwaka 2017, Google ilitenganisha sehemu ya mfumo na ile ya viendeshi, na ndiyo maana mafundi wengi siku hizi huweza kupachika mfumo wa jumla, usiotengenezewa simu moja maalumu, juu ya viendeshi vya zamani. Bila shaka ndicho kijana yule alichokusudia. Simu huwaka na kuandika Android 13, mteja anafurahi na kulipa, na kesho yake anagundua kwamba kamera inatoa picha nyeusi au sauti ya anayempigia haisikiki.

Zaidi ya hayo, kuruti mara nyingi huzuia masasisho rasmi. Kifurushi kinachotumwa na kampuni hukagua kwanza sehemu za mfumo zilizomo ndani ya simu, na kikikuta zimeguswa hukataa kuendelea. Kwa hivyo mtu anayeiruti simu ili apate sasisho anaweza kuwa amejifungia mlango aliotaka kuingilia.

Neno la kijana kwamba simu "imefungwa" lina ukweli kidogo, ila kinachofungwa ni butiloda, ile programu ndogo inayotangulia kuwaka na kuhakikisha kwamba mfumo unaofuata una sahihi ya kampuni. Kuifungua kwa utaratibu wake hufuta kila kitu kilichomo ndani ya simu. Usalama wa simu uliwekwa hivyo makusudi, ili mwizi asiifungue na kusoma mambo yako. Picha za mzee zitaondoka, Mwalimu, na hakuna fundi atakayezirudisha.

Sasa niambie: umebakiwa na nafasi kiasi gani katika hizo GB 32? Sasisho linaloanza kupakua na kushindikana katikati mara nyingi huwa limekosa mahali pa kujifungulia.

MhasibuUmoja anajibu:

Ninaunga mkono aliyosema fundi, na nitaongeza niliyoyapitia mwenyewe, hasa kwa kuwa unashika fedha za watu.

Mwaka 2022 niliiruti simu yangu kwa Magisk, njia inayotumiwa na wengi, ambayo hurekebisha faili ya kuwashia simu bila kugusa sehemu ya mfumo yenyewe. Ilifanya kazi bila hitilafu. Lakini asubuhi ya siku iliyofuata, nikiwa kwenye matatu, programu ya benki ilikataa kufunguka na kuniambia kwamba kifaa changu si salama. Programu nyingi za benki huiuliza Google kama mfumo wa simu ni ule ulioidhinishwa, na butiloda iliyofunguliwa pekee inatosha kuleta jibu baya. Zipo mbinu za kuficha, nami nilizitumia kwa miezi kadhaa, ila kila ukaguzi ulipoimarishwa nilikesha tena nikitafuta mbinu mpya. Kwa mtu ambaye wanachama kumi na wanane wanasubiri pesa zao mwisho wa mwezi, hayo si maisha ya kuchagua. M-PESA ya kwenye laini haikuathirika, kwa sababu menyu hiyo imo ndani ya kadi ya laini yenyewe, na *334# pia iliendelea kama kawaida. Kwa hiyo usiogope kwamba utakatika kabisa. Hofu yangu ni akaunti ya chama.

Jambo la pili lilinipata kwa simu ya dada yangu. Fundi mmoja mjini aliichomeka kwenye kompyuta na kuchagua kufuta kumbukumbu yote kabla ya kuweka femuwea mpya, yaani programu za msingi zinazoendesha simu. Katika simu za MediaTek, namba ya IMEI, ile inayoitambulisha simu kwenye mtandao, huhifadhiwa katika sehemu maalumu ya kumbukumbu hiyo hiyo. Tulipopiga *#06# tulikuta mahali pa namba ni patupu, na laini haikushika mtandao tena. Fundi akajitolea kuandika namba nyingine yoyote, nasi tukakataa, kwani kubadilisha IMEI ni kosa kisheria hapa Kenya. Wanaokumbuka mwisho wa Septemba 2012 wanajua kwamba simu zenye IMEI bandia, zaidi ya milioni moja na nusu, zilizimwa kwenye mitandao yote. Vyovyote utakavyoamua, Mwalimu, piga *#06# leo na uandike namba zako zote mbili kwenye daftari.

KijanaSouthB anajibu:

Kwa heshima kwa walionitangulia, naona kuruti kumesemwa vibaya kuliko kunavyostahili. Nina simu ya mwaka 2016 ambayo kampuni yake iliiacha zamani, na leo inatumia LineageOS, mfumo unaotunzwa na watu wa kujitolea tangu CyanogenMod, mradi ulioutangulia, iliposimama Desemba mwaka huo. Bila kazi yao simu hii ingekuwa takataka, nami ninaitumia kila siku kusomea na kusikilizia redio.

Hata hivyo, mfano wangu unathibitisha hoja ya fundi kwa upande mwingine. LineageOS yenyewe haiji ikiwa imerutiwa. Nilifungua butiloda na kubadilisha mfumo mzima, na sikuhitaji kuiruti wakati wowote. Sharti kubwa ni kwamba modeli yako iwe kwenye orodha yao, na simu nyingi za bei nafuu za MediaTek hazimo, kwa sababu msimbo wa kiini na viendeshi vyake haupatikani kwa ukamilifu. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba usiifanyie majaribio simu unayoitegemea. Ukipata ya pili ya zamani, jifunzie hiyo.

Ninaomba pia ujiepushe na zile programu zinazodai kuiruti simu kwa mbofyo mmoja. Programu inayoweza kutwaa mamlaka makuu bila butiloda kufunguliwa imepitia kwenye tundu la usalama, kama lile lililogunduliwa katika kiini cha Linux mwaka 2016 baada ya kukaa humo miaka tisa. Ikiwa aliyeitengeneza programu hiyo amepita, mwingine naye anaweza kupita, na wewe umemkaribisha wa kwanza bila kujua ni nani.

FundiGithurai anajibu tena:

Kijana wa South B amesema kweli, na sipingi kuruti kwa anayejua anachokitafuta. Mimi mwenyewe nilianzia hapo. Mwaka 2011 simu za Ideos zilipojaa Nairobi zikiwa na Android 2.2, kumbukumbu yao ya ndani ilikuwa ndogo mno, na njia bora ya kupata nafasi ilikuwa kuiruti simu na kuhamishia programu kwenye kadi ya kumbukumbu. Nafikiri imani kwamba kuruti ni dawa ya simu nzito ilibaki mjini tangu siku hizo, ingawa ugonjwa wenyewe umebadilika.

Niongeze la stima, kwa sababu watu hawalisemi. Wakati wa kuandika femuwea kupitia kompyuta ya mezani, umeme ukikatika kabla sehemu ya kwanza kabisa ya kuwashia haijakamilika, simu inaweza kuzimika moja kwa moja, isionyeshe hata alama ya chaji. Iliwahi kunitokea na simu ya mteja saa kumi jioni. Niliirudisha baada ya siku mbili, na tangu siku hiyo sifanyi kazi hiyo bila laptopu yenye betri iliyojaa na kebo isiyolegea. Muulize fundi yeyote anatumia nini.

MwalimuKayole anajibu:

Nawashukuru nyote kwa kunieleza kwa subira. Nilipiga *#06# usiku ule ule na kuandika namba kwenye daftari la chama.

Kisha nikatazama hifadhi kama fundi alivyoagiza. Nafasi iliyobaki ilikuwa chini ya GB 1. Folda ya WhatsApp peke yake ilikuwa na GB 11, nyingi zikiwa video zilizotumwa kwenye makundi ya mazishi na harusi, baadhi nimezipokea mara tatu au nne kutoka kwa watu tofauti. Jumatatu nilichukua kebo hadi kwenye kompyuta ya ofisi ya walimu nikahamisha picha zote. Za baba nilizinakili tena kwenye flashi diski mbili, moja nikampa mama. Alama za wanafunzi nazo nimeziweka kwenye kompyuta. Baada ya kufuta zile video simu ilibaki na GB 12.

Jumanne asubuhi nilifika shuleni mapema kabla mtandao haujalemewa, nikachomeka chaji na kubonyeza lile sasisho. Lilipakua, likapita pale lilipokuwa likikwama kila siku, na simu ikazima na kuwaka baada ya kama dakika ishirini na tano ambazo nilizihesabu moja moja. Sasa ina Android 11 na kiraka cha usalama cha mwaka 2022. Sikupata Android 13 niliyoahidiwa, lakini programu ya benki ilifunguka, na jioni nilimtumia mwanachama wa zamu fungu lake bila tatizo. Uzito umepungua sana, ingawa naona simu inapata joto tangu jana na betri inashuka upesi. Je, hilo ni la kawaida, au nimeharibu kitu?

FundiGithurai anajibu:

Hujaharibu kitu, Mwalimu. Baada ya sasisho kubwa simu huzipanga upya programu zote chinichini, na kazi hiyo hutumia chaji. Ipe siku mbili au tatu, usiku ukiiacha kwenye chaji. Joto likiendelea baada ya wiki, fungua sehemu ya betri uone ni programu gani inayoongoza, kisha uniandikie jina lake hapa.

Ukiwa kwenye Mipangilio, ingia pia sehemu ya usalama utafute sasisho la mfumo wa Google Play. Simu zilizotoka kiwandani zikiwa na Android 10 au zaidi hupokea baadhi ya viraka moja kwa moja kutoka Google kupitia hapo, hata baada ya kampuni ya simu kuacha kutuma vyake. Ni kifurushi kidogo ambacho bando lako litakimudu, na baada ya kukipakua utahitaji kuizima simu na kuiwasha tena mara moja.